Mizunguko Kumi Katika Yai la Mgiriki

Lori la Semeni lilikuwa halikati kona ya kulia. Wapo waliosema limemwiga dereva wake kwa ukaidi, lakini sababu ilikuwa chuma. Katika miaka ile ambayo hata sabuni ya kufulia ilipangiwa foleni, meno ya boksi la usukani yalivunjika upande mmoja, na spea ya Bedford haikuwapo Tanga wala Mombasa. Fundi mmoja wa Maramba akalifungua, akachonga, akachomelea, kisha akafuta mikono.

"Kushoto utakwenda mpaka uchoke," alimwambia. "Kulia, omba njia iwe imenyooka."

Dereva mwingine angeliegesha lori lile akaingoja serikali. Semeni alikaa akapanga upya njia zake zote pale shamba la mkonge la Kwemkunde, mbele ya Muheza. Kutoka mashambani mpaka korona, kile kiwanda kinachokamua mkonge zikatoka nyuzi zake, yaani singa, alijua njia yenye kona za kushoto tupu. Ilikuwa ndefu maradufu na alifika kila siku. Mafuta ya breki yalipokosekana alitia maji ya sabuni, na sabuni yenyewe aligombania na wifi yake Hafsa, aliyetaka kufulia kanga. Mishahara ilipokoma, Bedford lile liliendelea kubeba maji, kubeba wagonjwa, kubeba unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, uliogawiwa kwa kikombe, na kupeleka maiti makaburini. Hakuna aliyelala njaa Kwemkunde bila Semeni kujua, wala aliyezikwa bila Semeni kumpeleka.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye kukalia mto wa sufi ili aone mbele. Alianza kazi kwenye kamba, akianika singa juani pamoja na wanawake wengine, mikono ikiwasha usiku kucha. Shirika lilipotangaza kufundisha wanawake udereva, walicheka wote isipokuwa yeye. Tangu siku alipokabidhiwa ufunguo hakushika tena singa, na aliapa hatazishika.

Basi miaka ya ruksa ikaingia, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa, na shamba likauzwa. Aliyelinunua ni Bwana Tahiri, mfanyabiashara wa Usagara mjini Tanga, mtu wa kanzu nyeupe na saa nzito, ambaye siku ya kwanza tu alileta Isuzu mpya watu wakaenda kugusa milango yake. Siku ya pili alitangaza kwamba malori yote makuukuu yatachinjwa. Ndivyo alivyosema, yatachinjwa, kama vile ana karamu. Yatakatwa vipande kwa gesi, viuzwe vyuma chakavu ng'ambo ya mpaka.

Wazee wa karakana walinung'unika. Bwana Tahiri hakupenda kununiwa na watu ambao kesho yake atawatuma kazi, na kwa hiyo akabuni furaha. Atarudisha mbio za malori katika Yai.

Yai lilikuwa njia ya mbio iliyochongwa na Mgiriki mwenye shamba, zamani za mkoloni, ili wenzake wa mashamba ya jirani waje Jumapili kushindana kwa magari na kunywa. Njia yenyewe ni ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, imezunguka kwa umbo la yai, na konani imeinuliwa kingo. Shamba lilipotaifishwa wafanyakazi wakalirithi Yai, na kila Mei Mosi malori ya mkonge yalizunguka humo huku watu wakitoka hata Muheza kuja kutazama. Yai lilizungukwa kwa kushoto. Mgiriki alizunguka kwa kushoto, na waliomfuata wakaona hakuna haja ya kubadili. Halafu dizeli ikaadimika, na nyasi zikaota.

Bwana Tahiri alifyeka nyasi. Akakusanya watu wote uwanjani, akamsimamisha Methusela, msimamizi wa karakana, atangaze kwa kipaza sauti cha mkononi.

"Lori lolote kuukuu," Methusela alitangaza, "litakalomaliza mizunguko kumi ya Yai kwa injini yake lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa, halitachinjwa. Litabaki kazini, na dereva wake atabaki nalo. Ni ahadi ya Bwana Tahiri mbele yenu nyote."

Watu walipiga makofi. Bwana Tahiri alitabasamu, maana alikwisha kuyatazama yale malori, na hakuona hata moja litakalofika mzunguko wa tano. Hakujua kitu juu ya kushoto na kulia. Semeni ndiye aliyejua, na alirudi nyumbani akiimba.

"Wifi," alimwambia Hafsa, "Mungu ameniletea mashindano yasiyo na kona ya kulia hata moja."

Wiki ile alikwenda kufanya mazoezi. Bedford lilizunguka Yai kwa kushoto kama limezaliwa humo. Lilizunguka mpaka likapita kumi, likaongeza mingine ya kujionyesha, na lilipozimwa lilizimwa kwa sababu Semeni alisikia njaa. Bahati mbaya Bwana Tahiri alikuwa amesimama kivulini na wageni wake, watu wa vyuma chakavu waliokuja kupima mali ambayo tayari alikwisha kuwaahidi. Mmoja alicheka na kumwambia kitu sikioni. Bwana Tahiri hakucheka.

Siku iliyofuata Methusela alimkuta Semeni karakana, akipaka grisi.

Huyu Methusela, Mbondei wa Magila, alikuwa zamani utingo wa Semeni, yaani yule anayekaa nyuma ya lori kushusha mzigo, kutia maji na kumwelekeza dereva. Semeni ndiye aliyemfundisha kushika usukani, Semeni ndiye aliyemsemea mpaka akapandishwa cheo. Alimwita dada na alimheshimu kama dada. Leo alisimama mbali, kofia mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mdai? Sogea."

"Dada, mbio zimebadilishwa mwelekeo," alisema. "Tutazunguka kwa kulia. Bwana anasema usukani uko kulia, basi dereva akizunguka kwa kulia anaiona kona vizuri. Ni mambo ya usalama."

Semeni aliweka chini kopo la grisi.

"Nani kamwambia lori langu halikati kulia?"

Methusela alitazama kofia yake.

"Nakuuliza, Methusela. Yule bwana hajui boksi la usukani ni mnyama gani. Nani kamwambia?"

"Aliniuliza kasoro zake, dada. Mimi ndiye msimamizi. Ningesema nini?"

"Ungesema hujui! Ungesema limeoza matairi! Ungekuwa bubu kidogo, kwani ungekufa?"

"Ameniambia anatafuta meneja wa usafirishaji," alisema Methusela polepole. "Nina watoto, dada. Na wewe hutaachwa hivihivi, nimekuombea nafasi. Utarudi kwenye kamba, kuanika singa, lakini uwe mnyapara wa..."

Hakumaliza, kwa kuwa kopo la grisi lilipita karibu na sikio lake likagonga ukuta. Semeni hakulia alipokuwa peke yake. Alikuwa na hasira, na aliyemkasirisha zaidi ya Bwana Tahiri alikuwa Methusela.

Hata hivyo kazi ni kazi, na mchana ule kulikuwa na mkonge wa kubeba. Alimchukua Hafsa apande nyuma, kwa sababu utingo wake wa mwisho alikwisha kuacha kazi akafuata biashara ya machungwa Muheza.

Mashamba ya Kwemkunde yana vijia vyembamba kati ya safu za mkonge, na majani yake yana miiba ya kutoboa jicho. Lori likiingia humo haligeuki. Linaingia kwa uso, linapakiwa, halafu linatoka kinyumenyume safari nzima mpaka njia kuu ya shamba. Dereva anatoa kichwa dirishani, na utingo anapiga bodi la lori kwa kiganja. Kofi moja, njoo. Makofi mawili, simama. Madereva wa mjini wakiletwa humo hulia. Wa Kwemkunde walirudi nyuma maili nzima huku wakila muhogo.

Kijia cha siku ile kilikuwa na kona ndefu. Semeni alikuwa anarudi nyuma, kichwa nje, Hafsa akipiga bodi na kulalamikia jua, wakati mikono yake ilipomwonyesha jambo. Alifunga breki. Lori lilichukua muda wake, likasimama.

"Nini tena?" Hafsa alipiga kelele. "Umekanyaga mtu?"

"Shuka, wifi. Nitafutie ungo."

Ungo haukuwapo shambani, lakini kwa mama mmoja aliyekuwa akipepeta mtama kambini ulikuwapo. Semeni aliuweka chini, akatoa kiberiti mfukoni, akakiweka ukingoni.

"Hili ndilo Yai, na hili ndilo lori. Zamani tulizunguka hivi, kwa kushoto." Alikisukuma kiberiti kikauzunguka ungo. "Tahiri anataka tuzunguke kule." Alionyesha kinyume chake. "Sawa. Sikigeuzi kiberiti uso wake. Kibaki kinatazama kule kwa zamani, usukani wangu niukate kushoto, halafu nirudi nyuma." Akakivuta kiberiti kinyumenyume. Kilikwenda kulekule alikotaka Tahiri, na ungo ukazungukwa mpaka mwanzo.

Hafsa alitazama ungo, akamtazama wifi yake.

"Mizunguko kumi? Kinyumenyume? Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

"Watu watacheka, Semeni."

"Wacheke. Lori halichinjwi kwa kucheka."

"Na mimi nitakuwa wapi?"

"Nyuma, unapiga bodi."

Hafsa alijifunga kanga kiunoni upya, ishara kwamba amekwisha kukubali na sasa ataanza kulalamika.

Jumamosi watu walifurika. Walitoka Muheza, walitoka Maramba, na wengine walitoka Tanga mjini kwa ajili ya pilau aliloahidi Bwana Tahiri. Malori yalipangwa mstarini: Isuzu mpya mbele, moja likiendeshwa na Bwana Tahiri mwenyewe aliyevua kanzu akavaa suruali, na makuukuu nyuma. Bedford la Semeni lilikuja la mwisho, likageuzwa, likasimama limewapa wenzake kisogo. Watu walicheka kweli. Mmoja alimwuliza kama amelewa.

"Dada," Methusela alimwita kutoka jukwaani, "umegeukia wapi?"

"Wewe hesabu mizunguko," alijibu Semeni. "Kazi yako ni hiyo."

Bendera ikashushwa. Isuzu ziliruka mbele na vumbi. Semeni alitia rivasi, gia ikalia kwa sauti yake nyembamba, Hafsa akapiga kofi moja, na Bedford likaanza kwenda kinyumenyume kuingia kona ya kwanza. Kicheko kilipanda mpaka juu kabisa, kikakaa huko kwa kitambo, halafu kikaanza kushuka chenyewe. Watu wa mashamba ndio walioacha kwanza. Walikuwa wamekwisha kuelewa.

Mzunguko wa pili Bwana Tahiri alimfikia. Hapo likatokea jambo ambalo hata Semeni hakulipanga. Kwa kuwa lori lake lilitazama kinyume, kila aliyetaka kumpita ilimbidi aje uso kwa uso, na dirisha la dereva mmoja likapita jirani kabisa na dirisha la mwenzake. Bwana Tahiri alikaza macho mbele, lakini mbele ndiko alikokuwa Semeni.

"Hujambo, Bwana Tahiri?" alimwamkia kwa adabu.

Alipokuja tena, Semeni alimwuliza habari za tangu mzunguko uliopita. Alipokuja mara nyingine alimwuliza nyumbani hawajambo. Watu wa kingoni walikuwa wanajishika mbavu, na safari hii hawakuwa wanamcheka Semeni.

Malori makuukuu mengine yalianguka mojamoja. Leyland moja lilipasua tairi. Jingine lilichemka likaachia mvuke likafia konani. Dereva wa tatu, aliyezoea kuzunguka Yai kwa kushoto maisha yake yote, alisahau, akakata alikozoea akaingia mtaroni. Bwana Tahiri alimaliza wa kwanza, akashuka, akapeana mikono na wageni wake, akasubiri shangwe. Ilikuja ndogo. Watu wote walikuwa wameelekeza shingo kona ya pili, ambako Bedford lilikuwa linatokeza mkia.

"Sita!" alitangaza Methusela.

Bwana Tahiri alipanda jukwaani. Alisema kitu kifupi. Methusela akashusha kipaza sauti, akakiweka pajani.

Bedford lilipita mbele ya jukwaa, na jukwaa likanyamaza. Semeni alisikia ule ukimya ndani ya kebini, na alijua maana yake. Uliuma kuliko kucheka kote. Kisha sauti moja ya mwanamke, kutoka upande wa akina mama wa singa, ikapaza: "Saba!"

"Saba!" wakaitikia wengine.

Mzunguko wa nane rejeta ilianza kuvuma. Lori linalorudi nyuma halipati upepo usoni, na Bedford lilikuwa linajipika. Mvuke ulimziba Semeni kioo. Akina mama wa singa waliuona. Walikimbilia pipa la maji na ndoo zao, wakasimama kingoni, na kila Bedford lilipopita walilimwagia uso ndoo baada ya ndoo.

"Hairuhusiwi!" alifoka mgeni mmoja wa Bwana Tahiri.

"Sharti limesema lisisukumwe," alimjibu mama mwenye ndoo. "Halikulikataza kuoga."

Walipohesabu tisa, sauti ya watu ilisikika mpaka kambini. Mzunguko wa kumi ulipokaribia mwisho, Bwana Tahiri alitoka jukwaani, akaingia katikati ya njia, akasimama mkono juu, mgongo kwa mstari wa mwisho.

Hafsa alipiga makofi mawili. Semeni alikanyaga breki, nazo breki za sabuni zikafikiri kwanza. Mkia wa lori ulisimama hatua chache kutoka kifuani kwa Bwana Tahiri. Injini ilikuwa inatetemeka, na Semeni alijua ikizimika haitawaka bila kusukumwa, na ikisukumwa amekosa. Akatoa gia, akaiongezea moto kwa mguu mmoja huku mwingine ukishindilia breki.

"Mbio zimekwisha, bibie!" Bwana Tahiri alipaza sauti. "Mshindi ameshapatikana. Zima gari!"

Semeni alitoa kichwa dirishani.

"Sikushindana na wewe, bwana. Ushindi uchukue. Mimi nazunguka Yai mara kumi kwa injini, upande ulioutaka wewe. Bado kidogo."

"Kinyumenyume si mwendo!"

"Mkonge wako wote unatoka shambani kwa mwendo huu. Hukujua umenunua nini?" Watu waliguna. "Sasa sikiliza. Mimi sikuoni vizuri, nimekupa kisogo. Anayekuona ni wifi yangu. Akipiga kofi moja, mimi ninakuja. Wifi!"

"Labeka!"

"Mtazame bwana. Akitoka, piga."

Hafsa alimtazama Bwana Tahiri toka juu ya bodi, mkono umeinuliwa tayari. Bwana Tahiri aligeuka kutafuta mtu wa kumwondolea balaa lile, akaona akina mama na ndoo, akaona madereva wa malori yaliyokufa, mikono kifuani, akaona wageni wake wakitazama viatu vyao. Alisogea pembeni. Alisogea taratibu, kama mtu aliyekumbuka ana shughuli kwingine.

Kofi likalia, rivasi ikaingia. Bedford likavuka mstari kwa mkia, kebini ikafuata, na Semeni akaliacha linaunguruma palepale, bila kulizima.

Hakuna aliyehesabu. Watu wote walikuwa wamegeukia jukwaani, wakimtazama Methusela. Akina mama walikuwa wamekwisha kuhesabu vya kutosha, na hili la mwisho walimwachia yeye. Methusela alitazama kipaza sauti pajani mwake. Halafu akasimama.

"Kumi," alisema. Akakiinua kipaza sauti mdomoni. "Kumi! Bedford limemaliza kumi, kwa injini yake lenyewe, bila kusukumwa wala kuvutwa. Ni ahadi ya Bwana Tahiri mbele yenu nyote. Lori halichinjwi!"

Kelele iliyofuata sina haja ya kuieleza. Bwana Tahiri alijaribu kutabasamu, akasema haya, libaki. Watu wakamwambia hawakusikia. Ilibidi akisogelee kipaza sauti aseme tena, na alipomaliza alimwambia Methusela kwa sauti ya chini, ambayo kile chombo kiliipeleka kote vilevile, asionekane tena karakana.

Semeni alikuwa bado kebini. Hafsa alikwisha kushuka nyuma na kupanda mbele, kanga imejaa vumbi, kiganja kimevimba, akidai maji ya kunywa na maji ya kuoga kwa pamoja. Methusela alikuja akipenya kati ya watu. Alifika mlangoni kwa dereva, kofia mkononi.

"Dada Semeni," alisema. "Sina kazi."

"Nimesikia."

"Na wewe huna utingo."

Semeni alimtazama. Alikuwa na furaha, na alikuwa bado na hasira naye, vyote viwili kwa pamoja, na hakuona kwa nini afiche kimoja kwa ajili ya kingine. Hafsa alijisogeza kidogo kwenye kiti ili kufanya nafasi. Semeni alimzuia kwa mkono.

"Hapa mbele pamejaa," alimwambia Methusela. "Nyuma ndiko ulikoanzia. Panda."

Methusela alivaa kofia yake, akazunguka hadi nyuma, akapanda.